UNGA WA LISHE NA MTOTO MWENYE MZIO

Kariakoo, toka Mtaa wa Mkunguni hata Tandamti, akina mama hupimiwa mtama, ulezi, soya na karanga, kisha hupeleka mchanganyiko wao mashineni usagwe uwe unga wa lishe. Unga huo umewafaa watoto wengi, nasi hatuna neno baya juu yake. Walakini wapo watoto ambao miili yao huikataa karanga, na kwao kijiko kimoja cha uji chaweza kuwa hatari ya maisha.

Hali hiyo ndiyo iitwayo mzio. Wako wanaodhani kuwa ni deko, au ni maradhi ya wenye fedha. Twakataa kabisa. Hakuna mtoto avimbaye midomo na kubanwa pumzi kwa sababu ya kudekezwa.

Mashine iliyosaga karanga za mteja wa kwanza husaga mahindi ya mteja wa pili, na vumbi lililosalia humo huchanganyika pasipo mtu kuliona. Mama aliyeleta mahindi matupu huondoka na mahindi yenye karanga, wala mwenye mashine hakusema uongo. Mchicha nao huungwa kwa karanga, na kashata huuzwa mlangoni pa shule.

Tangu mwaka 1999 kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius zataka chakula kilichofungwa kitaje karanga, maziwa, mayai, samaki na vinginevyo viletavyo mzio. Uingereza, baada ya binti wa miaka 15 kufa mwaka 2016 kwa kula mkate wenye ufuta usiotajwa, iliongeza sheria mwaka 2021 kwa vyakula vinavyofungwa dukani penyewe. Kwetu, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Tunaliomba shirika hilo lisiishie viwandani, bali liifikie hata mifuko ya unga ya Kariakoo.

Wala wazazi wasiwanyime watoto wote karanga kwa hofu. Utafiti wa London juu ya watoto wachanga 640, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa waliolishwa karanga mapema walipatwa na mzio huo kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Mtoto akila kwa bahati mbaya, akavimba uso, akakoroma au akalegea, maziwa hayatamponya, na vidonge vya mwasho havitoshi. Alazwe miguu juu, au aketishwe ikiwa pumzi zambana, akimbizwe hospitali achomwe sindano ya adrenalini.

Wenye mashine waanze kwa kutenga siku moja ya juma, mashine ikiwa imesafishwa, kwa nafaka zisizo na karanga. Na walimu wakuu waliandike jina la mtoto wa namna hii, mpishi alijue kabla sufuria haijainjikwa.