Tunahesabu Wanaozaliwa, Mbona Hatuwahesabu Wanaozaliwa na Kasoro?

Miaka tisa iliyopita dada yangu alijifungua mtoto wa kike mwenye uvimbe mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Muuguzi alimfunika kwa leso, akamkabidhi mama yake na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Nyumbani kila mtu akawa daktari. Bibi mmoja alisema dada alikuwa akitoka nje magharibi na mimba yake. Mwingine akasema ni kijicho. Siku ya kumi na saba tulimzika baada ya swala ya alasiri. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Katika vitabu vya serikali, mpwa wangu hakupata kuwapo.

Kila tarehe 3 Machi dunia huadhimisha Siku ya Kasoro za Kuzaliwa, nami kila mwaka hujiuliza swali lile lile: watoto kama huyu ni wangapi Kenya?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watoto 6 kati ya kila 100 duniani huzaliwa na kasoro. Hapo wamo wenye mgongo wazi, kichwa kikubwa, mdomo sungura, tundu kwenye moyo na nyayo zilizopinda, wamo wenye ugonjwa wa Down, na pia wenye maradhi ya damu ya kurithi kama selimundu. Kwa makadirio hayo, watoto 240,000 hufariki kila mwaka kabla ya kutimiza siku 28. Marekani, ambako majimbo mengi yana rejista maalumu, hesabu inayotumika ni mtoto 1 kati ya 33, yaani kama 3 kati ya 100.

Tofauti ya 6 na 3 isikuchanganye. Inategemea unahesabu nini, na unahesabu lini. Mdomo sungura huonekana pale pale leba. Tundu la moyo huenda likajulikana miezi baadaye, mama anapoona mtoto anachoka akinyonya. Selimundu haionekani kwa macho hata kidogo. Kwa hiyo nchi inayotazama siku ya kwanza tu itapata idadi ndogo, na isiyotazama kabisa itajidanganya kuwa haina tatizo. Ukweli ni kwamba watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa na kasoro kubwa wako katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, ikiwemo yetu.

Sasa tuje kwetu. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja kwa mwaka. Tukitumia kipimo cha Marekani, hao ni zaidi ya watoto 30,000 kila mwaka. Lakini hiyo ni hesabu ya kuazima. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wanaishi na ulemavu, na takwimu hiyo ilihusu watu wa miaka 5 kwenda juu. Aliyezaliwa na kasoro akafa kabla ya miaka mitano hamo. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Je, Wakenya walipona ndani ya miaka kumi? La. Maswali yalibadilishwa. Na hata hivyo, ulemavu na kasoro ya kuzaliwa si kitu kimoja: kuna aliyeumia barabarani, na kuna aliyezaliwa na moyo mbovu ambaye kwa macho ni mzima.

Kuna atakayeuliza, kuhesabu kutasaidia nini wakati hospitali hazina dawa? Jibu liko hapa hapa Pwani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 15,000. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha 128 kati yao walikuwa na selimundu, takriban watoto 8 kwa kila 1,000. Vifo miongoni mwa watoto hao vilikuwa zaidi ya mara 20 ya vifo vya wenzao. Lakini waliogunduliwa mapema na kuandikishwa kliniki walikufa wachache zaidi. Hao si watoto waliofanyiwa miujiza. Walijulikana, wakafuatiliwa, wakapata kinga na matibabu kwa wakati. Wale ambao hawakujulikana walizikwa, na yamkini watu wakasema ni malaria.

Na malaria yenyewe inahusika. Mwenye kurithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana chembe hii imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi. Lakini akioana na mwenye chembe kama yeye, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kaunti isiyowapima watoto wachanga katika ukanda huu inafumba macho kwa makusudi.

Mgongo wazi nao una habari yake. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Utafiti ulioongozwa na Waingereza na kutolewa 1991 ulionyesha kuwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa aina hii, wakipewa vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, hatari ya kurudia hupungua kwa karibu robo tatu. Kwa hiyo vidonge vinavyotolewa kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano vinasaidia damu ya mama, lakini kwa uti wa mgongo vimechelewa. Dada yangu alishika mimba tena baada ya miaka miwili na hakuna aliyekuwa amemwambia habari hii. Alhamdulillahi, mtoto alizaliwa mzima. Ilikuwa ni rehema ya Mungu, haikuwa kazi ya mfumo wetu wa afya.

Ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti utiwe madini na vitamini, foliki ikiwemo. Ni sheria nzuri. Lakini nenda Ganze, nenda Kinango, uone sima inatoka wapi. Mahindi yanapelekwa posho mili kwa debe na kurudi unga mtupu. Anayekula chapati ya unga wa pakiti mjini amekingwa, anayekula sima ya posho mili kijijini hajakingwa. Bila rejista, nani atajua ni kijiji gani mgongo wazi umezidi?

Liko na letu la nyumbani, ambalo najua litaniletea simu. Sisi Waislamu wa Pwani tunaoana sana watoto wa ami na wa shangazi. Dini imeruhusu, haikulazimisha. Utafiti uliofanywa Bradford, Uingereza, penye jamii kubwa yenye asili ya Pakistan, ulionyesha mwaka 2013 kuwa kuoana binamu huongeza hatari ya kasoro kutoka kama 3 hadi 6 kwa kila watoto 100. Maana yake watoto 94 huzaliwa salama, kwa hiyo asitokee mtu wa kuwatia hofu waliokwisha oana. Lakini pia maana yake hatari huongezeka maradufu, na familia ambayo imeshazika watoto wawili bila kujua sababu ina haki ya kupima damu kabla ya kupanga posa nyingine. Saudi Arabia yenyewe imelazimisha kipimo cha selimundu kabla ya nikaha tangu 2004. Makadhi na maimamu wetu wanasubiri nini?

Na hawa watoto tusiwafiche. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimpa Ibn Umm Maktum, kipofu, kazi ya kuadhini, na akamwachia Madina aiangalie aliposafiri. Sisi tunamfungia mtoto chumba cha uani wageni wakija. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ninayoomba si makubwa. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kila kaunti ya Pwani ianzishe rejista ya kasoro za kuzaliwa, wakunga na wahudumu wa afya vijijini wafunzwe kuijaza, hata kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani na kwa aliyeishi siku moja. Watoto wachanga wapimwe selimundu wanapoletwa chanjo ya kwanza. Foliki ifike kwa wasichana kabla ya ndoa. MCA wako akija kuomba kura, muulize: katika wadi yetu, mwaka jana, walizaliwa wangapi wenye kasoro, na wako wapi leo?

Akikosa jibu, ujue mpwa wangu bado hajaandikwa.