Utabiri wa mkoa si utabiri wa shamba lako

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayenunua kabichi zikiwa bado shambani, kila msimu nasikia lawama ile ile: "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo. Walisema mvua, huku kwetu vumbi." Mimi sikubaliani nayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikitangaza mvua za vuli kwa Mkoa wa Tanga, inazungumzia eneo linaloanzia ufukweni Pangani hadi juu Shume. Katikati kuna mlima, na mlima hujipikia hali yake ya hewa. Wa kuumalizia utabiri huo ni sisi tunaoishi hapa, na kwa maoni yangu kazi hiyo hatuifanyi.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa kavu ni naitrojeni kama asilimia 78, oksijeni 21, na kilichobaki ni gesi nyingine kidogo kidogo. Humo huchanganyika mvuke wa maji, ambao jangwani ni kama haupo na kwenye joto lenye unyevu unaweza kufika asilimia 4. Mvuke huo mdogo ndio mvua yako yote. Jua nalo hupasha zaidi ardhi na bahari kuliko hewa. Ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini, kama jiko na sufuria. Ndiyo maana ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto mjini unalisogelea jua lakini unavaa sweta. Umepanda kama mita 1,000, na kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza joto nyuzi 6 au 7.

Sasa chukua upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa na mvuke. Ukifika kwenye mlima hauna njia ila kupanda. Huko juu mgandamizo ni mdogo, hewa inatanuka, na ikitanuka inapoa. Ikipoa vya kutosha mvuke hugeuka matone, ndilo wingu. Matone yakikua, ndiyo mvua. Hivyo Amani na Bumbuli, upande unaoelekea bahari, hupata maji kwanza. Upepo ukivuka hadi Mlalo na Mtae umeshamwaga sehemu kubwa ya mzigo, na ukiteremka kuelekea nyika ya Mkomazi unapata joto tena na mawingu yanayeyuka. Simama Mtae utazame chini, utaona nchi kavu hiyo. Upepo ni ule ule.

Wazee wa Kisambaa waliijua tofauti hii kabla ya kipimajoto. Waliigawa nchi kuwa shambaai, juu kwenye ubaridi, na nyika, chini kwenye joto, na aliyeweza alilima kote kuwili ili huku kukikosa kule kupate. Walikuwa pia na wafalme wa Kikilindi pale Vugha, walioaminiwa kuishika mvua mkononi. Siku hizi mfalme hayupo, lawama tumeihamishia TMA.

Kuhusu misimu nitasema kwa kifupi. Ukanda wa mvua hulifuata jua na kutupitia mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Vuli hasa huitegemea bahari. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida, mvuke huwa mwingi, kama vuli ya 1997, ya 2019 na ya 2023. Kwa hiyo ule usemi wa mikutanoni kwamba ukikata mti mvua inakimbia, mimi siupendi. Jirani amekata miti na mvua imenyesha, basi mkulima anaacha kusikiliza. Tumwambie sawasawa: mvua yetu nyingi inatoka baharini, lakini msitu wa Magamba hunasa ukungu na kuyapa maji nafasi ya kuzama ardhini. Bila huo, mfereji wako wa Agosti utatiririsha nini?

Kinachotutia hasara kimya kimya ni hewa ya usiku. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto, hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito, na huteremka kama maji hadi bondeni, ambako ndiko tulikopanda mboga. Juni na Julai shamba la bondeni linaweza kuwa na baridi kuliko la mteremko ulio juu yake, na majani yakabaki na maji hadi saa nne asubuhi. Kiswahili kimeuita ukungu wa alfajiri na ukungu wa nyanya kwa jina moja, na hapa hakikukosea: baka jani chelewa, kwenye nyanya na viazi mviringo, hupenda jani lililolowa kwa saa nyingi kwenye ubaridi. Basi usinakili ratiba ya dawa ya mwenzako wa mteremkoni. Puliza asubuhi umande ukishakauka. Mawingu yetu mengi hujijenga mchana, na dawa ya kukinga iliyopulizwa saa nane huoshwa kabla haijakauka.

Mfanyabiashara, wewe fuata zaidi tahadhari za mvua kubwa. Barabara ya Mombo hadi Soni imeshikilia ubavu wa mlima. Kabichi zilizokwama juu siku tatu si mali tena, na kupatana bei bila kusema nani anabeba hasara hiyo ni kutafuta ugomvi.

Ninachopendekeza ni kila kitongoji kiwe na kipima mvua na daftari, na takwimu zisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula vinatosha. Liweke wazi, mbali na miti na paa, usome kila siku saa tatu asubuhi. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Milimita 10 kwenye ekari moja ni kama lita 40,000. Baada ya misimu michache mtajua TMA wakisema "wastani", kwenu ni milimita ngapi. Na mtaacha kupanda mahindi kwa mvua ya kwanza ya milimita 3, ambayo hulowanisha udongo wa juu tu. Ukishasoma, mwaga maji. Ya jana yakibaki yatahesabiwa tena leo.