Tupime Kabla ya Kujenga

Kila aliyelelewa katika nchi yetu aijua siri ya mtungi. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kuondoka kwake huchukua joto. Kila lita moja igeukayo mvuke huondoa joto la kilojuli 2,400 hivi. Jambo hili ni kweli. Lakini kweli ishikwayo nusu huzaa makosa mazima, na makosa hayo ndiyo nitakayoyapinga hapa.

Wapo wajenzi wa aina mbili. Wa kwanza huudharau mtungi. Huezeka darasa kwa mabati matupu bila dari, huweka madirisha finyu yanayotazama jua la magharibi, kisha watoto wakisinzia saa nane mchana, husema kuwa watoto wa siku hizi ni wavivu. Nimepata kufundisha katika darasa la namna hiyo, nami nashuhudia kuwa uvivu ulikuwa wa mjenzi.

Wa pili huusifu mtungi kupita kiasi. Amesikia kwamba Hassan Fathy, msanifu wa majengo wa Misri, aliushusha upepo juu ya makaa yaliyolowa maji katika shule ya Gourna Mpya. Amesikia pia kwamba katika mbuga ya Zion, Marekani, kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2000 hupozwa kwa minara ya maji. Basi ataka mnara kama huo kila mahali, Lodwar na Mombasa, Wajir na Lamu. Mwiga tembo hupasuka msamba!

Hewa ina kiu yake, na ikishiba hainywi tena. Hewa ya digrii 35 yenye unyevu wa asilimia 25 yaweza kupozwa kwa maji hadi karibu digrii 21. Hewa ya pwani ya digrii 31 yenye unyevu wa asilimia 75 haishuki chini ya digrii 27, na faida hiyo ndogo hulipwa kwa unyevu uzuiao jasho kukauka mwilini. Pwani yataka kivuli na upepo, haitaki maji zaidi.

Je, nchi kavu nayo ijenge bila kufikiri? Hasha. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Wanafunzi 40 kwa saa tano hutoa kilojuli 72,000. Kuliondoa joto hilo kwa mvuke kwahitaji lita 30 za maji, kabla hatujahesabu joto la bati. Hizo ni debe moja na nusu kila siku, mahali ambapo mama huenda mwendo mrefu kutafuta debe moja. Paa jeupe, dari na kivuli havinywi maji, vitangulie hivyo.

Ndiyo maana nasema jengo lisimamishwe kwanza katika hesabu. Kompyuta yaweza kushika mfano wa jengo, ikalipitisha katika saa zote 8,760 za mwaka, ikaonyesha joto la kila chumba na maji yatakayotumika. Programu ya EnergyPlus yafanya kazi hiyo, nayo hupatikana bila malipo. Kosa la kwenye kompyuta hufutwa kwa kidole; kosa la mawe hukaa miaka hamsini.

Watakuwapo wasemao kwamba wazee wetu walijenga bila kompyuta. Kweli, lakini hawakujenga bila kupima. Kosa la nyumba ya babu lilirekebishwa katika nyumba ya mjukuu. Sisi twajenga madarasa ishirini kwa mchoro mmoja katika mwaka mmoja. Mjukuu wa kuturekebisha yu wapi?

Wala kompyuta si mganga. Ukiilisha uongo, itakurudishia uongo. Kwa hiyo, msomaji, anza wewe. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kitambaa kilicholowa maji, uvipepee kivulini, usome tofauti yake asubuhi na mchana, mwezi kwa mwezi. Tofauti ikiwa kubwa, mtungi utakufaa. Ikiwa ndogo, fungua madirisha. Atakayekuja kwenu na mchoro wa shule, mwonyeshe daftari lako kabla hajachimba msingi.