Fainali ya tenisi irudishwe seti tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu fainali ya tenisi ya wanaume, mmoja kwa mmoja, katika Michezo ya Olimpiki.

Tangu tenisi iliporudishwa rasmi kule Seoul mwaka 1988 hadi Rio de Janeiro mwaka 2016, fainali hiyo ilikuwa ya seti tano, na mshindi ni yule atakayetangulia kupata tatu. Kuanzia Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, imekatwa ikawa ya seti tatu. Tunaambiwa wachezaji wanachoka, kwani wengine hucheza pia wawili wawili.

Hebu tuitazame Athens, mwaka 2004. Seti ya tatu ilipokwisha, Mardy Fish wa Marekani alikuwa akimwongoza Nicolás Massú wa Chile kwa seti 2-1. Kwa kanuni ya leo, Fish angevishwa dhahabu pale pale. Lakini Massú alizinduka, akachukua seti ya nne 6-3 na ya tano 6-4. Na huyo ndiye ambaye usiku uliotangulia alikuwa amekesha uwanjani akicheza seti tano nyingine na mwenzake Fernando González, wakaipatia Chile dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki! Sasa hao wenye hoja ya uchovu wanamsemea nani?

Sikatai kwamba Paris mwaka 2024 Novak Djokovic na Carlos Alcaraz walitupa fainali tamu, 7-6, 7-6, iliyochukua karibu saa tatu. Ila ndipo nilipozidi kuumia. Katika uwanja huo huo wa Roland Garros, mwezi Juni mwaka ule, Alcaraz alikuwa nyuma 2-1 mbele ya Alexander Zverev katika fainali ya Ufaransa, akageuza na kushinda. Kwenye Olimpiki hakupewa muda wa kujaribu. Huenda Djokovic, mtu wa miaka 37, angeshinda vile vile, na sifa yake ingekuwa kubwa zaidi.

Siombi raundi zote ziwe ndefu. Hizo za mwanzo zilikuwa za seti tatu hata kabla ya Tokyo. Ninachoomba ni mechi moja tu, ya dhahabu, irudishwe seti tano kabla ya Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Mpenzi wa Tenisi,
Tanga.