Mpangaji na Paka Wake: Neno kwa Wenye Nyumba

Mwisho wa mwezi uliopita majirani zangu walihama. Kirikuu kilifika alfajiri, kikapakia kitanda, makabati, jiko la gesi na ndoo za maji, na ilipofika saa mbili asubuhi chumba kilikuwa kitupu, mlango umetiwa kufuli la mwenye nyumba. Aliyebaki ni paka jike, mweupe mwenye mabaka meusi, amekaa kizingitini akingoja afunguliwe. Alikaa pale siku nne. Mtoto wa wale majirani alilia sana siku ya kuondoka. Nilimsikia mama yake akimbembeleza na kumwambia kwamba nyumba waendako hawataki paka.

Simlaumu mama yule. Anayehangaika na dalali wiki tatu, akapata chumba cha bei anayoiweza, hawezi kukiacha kwa ajili ya paka. Nina neno na upande wa pili, yaani na ndugu zangu wenye nyumba, wanaotamka sharti hilo kwa pumzi moja pamoja na sharti la kodi ya miezi sita: "Sitaki wanyama hapa." Nawaomba mnisikilize, maana sharti hilo halifanyi kazi mnayodhani linafanya. Halimmalizi mnyama. Linamtoa ndani kwa mtu anayemlisha na kumtupa mtaani, ambako hana mwenyewe, naye kesho atarudi uani kwenu usiku kupekua ndoo ya taka.

Najua mnachokiogopa, na si kitu cha kudharau. Nyumba nyingi za Magomeni, Temeke na Ilala zimejengwa kwa mtindo tuujuao sote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye choo, bafu na mahali pa kupikia, vyote vya shirika. Katika nyumba ya namna hiyo mnyama wa chumba kimoja ni mnyama wa nyumba nzima. Paka akila samaki wa mwenzako, ugomvi haubaki kwa paka. Mama mmoja mwenye nyumba aliwahi kunieleza jinsi alivyopaka rangi chumba upya kwa fedha yake, kwa sababu mpangaji aliyetoka alifuga paka watano mle ndani bila kuwatengea mchanga, na mkojo ukaingia hadi kwenye sakafu. Mama huyo alidhulumiwa. Nisingethubutu kumwambia avumilie tu.

Lipo pia suala la dini, na katika miji yetu ya pwani halikwepeki. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi wetu huku, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee anayetandika mkeka wake wa sala kwenye ua ule ule ambao mbwa anazurura ana haki ya kulalamika, wala asiitwe mtu wa roho mbaya. Kwa hiyo nasema waziwazi: katika nyumba ya ua wa shirika, mbwa asiingie ila kwa ridhaa ya wote wanaoishi humo, na mwenye nyumba akikataa, amekataa kwa haki. Lakini nyumba inayojitegemea, yenye uzio na geti lake, aliyopewa mpangaji mmoja na familia yake, ina sababu gani ya kumzuia mbwa wa ulinzi? Mara nyingi hakuna sababu; ni sharti lililonakiliwa kutoka mkataba wa jirani.

Paka ni habari nyingine kabisa. Dini iko upande wake. Mafundisho ya Mtume yanamhesabu miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani, na maji aliyoyanywa hayaharibiki kwa udhu. Swahaba Abu Huraira alipata jina hilo kwa kijipaka chake. Na sote tumesikia misikitini habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mwenye nyumba Mwislamu anayemkataza mpangaji kufuga paka mmoja msafi ajiulize sharti hilo amelitoa wapi.

Tena paka analipa kodi yake kwa kazi. Vyumba vyetu ni ghala pia: mchele, unga na maharage hukaa chini ya kitanda, na panya wanalijua hilo. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu waliugua na wengine kufa, na wataalamu wakathibitisha kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Mwenye nyumba anayefukuza paka kisha akanunua sumu ya panya na kuitega ukumbini wanakotambaa watoto hajapunguza hatari. Ameibadilisha sura.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye uhai wa watu. Kichaa cha mbwa huua takribani watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Na dawa ya kuzuia yote haya inajulikana tangu zamani: mbwa wakichanjwa saba katika kila kumi, na chanjo ikarudiwa inavyotakiwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Sasa fikirini mpangaji aliyeambiwa asifuge, naye akaona nyumba imevunjwa mara mbili, akaleta mtoto wa mbwa kimyakimya. Siku bwana mifugo anapokaa chini ya mwembe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kisanduku chake cha barafu, mpangaji huyo atampitisha mbwa wake mbele ya baraza la mwenye nyumba? Hatampitisha. Mbwa atafichwa, na mbwa aliyefichwa hachanjwi. Siku atakapoponyoka akamng'ata mtoto wa chumba cha pili, hata kueleza ni mbwa wa nani itakuwa shida, wakati jeraha linatakiwa kuoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtoto akimbizwe hospitali akachomwe sindano. Katazo lililokusudiwa kulinda nyumba limeificha hatari ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Wenzetu wamelifikisha jambo hili bungeni. Ufaransa, tangu mwaka 1970, sharti la mkataba wa makazi linalomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani halina nguvu, isipokuwa kwa mbwa wa aina za hatari. Uingereza ilipitisha mwaka 2025 sheria inayompa mpangaji wa England haki ya kuomba, na mwenye nyumba haruhusiwi kumkatalia bila sababu ya maana. Sisemi tuwaige, nyumba zao si za ukumbi na uani. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili, ila juu ya nani afuge nini katika nyumba ya kupanga, tunategemea mkataba. Basi kalamu iko mikononi mwenu.

Itumieni. Badala ya mstari mmoja wa kukataza, andikeni masharti mnayoweza kuyasimamia: ni mnyama gani na wangapi, cheti cha chanjo kionyeshwe kila mwaka, uchafu usafishwe na nani, na mnyama akileta kero iliyothibitika apewe mpangaji muda gani wa kumtafutia pengine. Tozeni amana ya matengenezo, irudishwe mtu anapotoka chumba kikiwa kizima. Mpangaji anayekabidhi kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo hatashindwa na amana ndogo kwa ajili ya paka anayempenda. Na yule mama wa sakafu iliyoharibika angekuwa na fedha ya rangi mkononi.

Nanyi wapangaji, msidhani nimewaachia. Mkiruhusiwa paka mmoja, awe mmoja. Paka jike anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, na shume ahasiwe. Mtengeeni mchanga, mwondoe kinyesi kila siku, na mwenye mimba asiguse kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Chungu cha jirani kikiliwa, lipeni bila kuombwa. Na mnapohama, mnyama ahesabiwe pamoja na mizigo. Kama huko mwendako hawezi kuingia, mtafutieni mtu wa kumpokea kabla kirikuu hakijafika, si baada ya kuondoka.

Yule paka mweupe sasa anashinda kwa mama anayechoma chapati pembeni ya barabara, na tumbo limeanza kumshuka. Hajulikani alichanjwa lini wala kama alichanjwa. Kile chumba kimepata mpangaji mwingine, na nimeuona mkataba wake: sharti la tano linasema wanyama hawaruhusiwi. Mwenye nyumba unayesoma haya, ukiwa na mkataba kama huo mezani, futa mstari huo kabla mpangaji wako hajatia saini, uandike masharti mahali pake.