Kompyuta ya mtoto inajizima na kujiwasha? Fuatilia kwanza inazima lini

Mtoto yuko katikati ya kazi ya shule, ghafla kioo kinakuwa cheusi na kompyuta inaanza kujiwasha upya. Kesho yake mama anaibeba hadi Kariakoo, na fundi anamaliza mapema: "Mama, hii ni RAM tu." Analipa, anarudi Ilala, jioni tatizo liko palepale.

Sababu za tatizo hili ni nyingi, na kubahatisha kunakula fedha. Daktari huuliza homa ilianza lini kabla ya kuandika dawa. Kompyuta nayo ina historia yake. Kwa siku tatu nne, andika imezima saa ngapi na mtoto alikuwa anafanya nini.

Ikiwa inazima friji linapoanza kunguruma, pasi inapochomekwa au taa zinapofifia, huenda kompyuta haina kosa. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na ukishuka sana hata kwa sekunde moja, kompyuta ya mezani haina betri ya kuiokoa. Iondoe kwenye ekstensheni iliyojaa vifaa, uichomeke ukutani. Wazazi wengine huichomeka kwenye kile kifaa cha kulinda friji, lakini kazi ya kifaa hicho ni kukata umeme ukiwa mdogo, kwa hiyo kompyuta itazimwa nacho. Kinachohitajika ni UPS, tena yenye betri nzima. UPS ya mtumba iliyochoka inaweza kuwa ndiyo inayozima mashine; iweke pembeni siku mbili uone.

Ikiwa inazima baada ya nusu saa ya gemu au video, na ikipoa inafanya kazi vizuri, shuku joto. Prosesa nyingi zikifika karibu nyuzi joto 100 huzima mashine ili zisiungue. Joto la Dar lenyewe halisaidii, na vumbi la mitaa kama Msimbazi na Kongo huziba feni taratibu. Laptopu inayotumiwa juu ya godoro huzibwa matundu ya hewa hata bila vumbi. Fundi aisafishe na kupaka upya ule uji mzito ulio kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea, kwani hukauka kwa miaka. Kazi hii ifanyike kabla ya kununua kifaa chochote.

RAM mbovu mara nyingi huleta kioo cha bluu chenye maandishi, kwa nyakati zisizotabirika. Windows ina programu yake ya kuipima, haihitaji kulipiwa. Kukata ghafla bila maandishi yoyote, hasa kazi inapokuwa nzito, kunaelekeza zaidi kwenye pawasaplai.

Kwa mashine za zamani, fundi aangalie pia kapasita, vile vipipa vidogo kwenye ubao mkuu, kama vimevimba juu. Nyaraka za mahakama zilizowekwa wazi Marekani mwaka 2010 zilionyesha kuwa Dell ilisambaza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zikiwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya vipande hivyo. Na kwa kompyuta ya mtumba, tazama nyuma ya pawasaplai kabla ya kuichomeka: baadhi zina swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu utaiunguza papo hapo.

Kuna sehemu ambayo mzazi asiguse kabisa. Pawasaplai hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa, hivyo isifunguliwe nyumbani, wala mtoto asiachiwe bisibisi. Betri ya laptopu iliyovimba isichajiwe, isibonyezwe wala kutobolewa, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

Ukifika kwa fundi, mpe yale uliyoandika. Mwombe afunge kwanza kifaa kizima alichonacho dukani, RAM au pawasaplai, kisha aiache mashine ikicheza video kwa muda uleule ambao huzima nyumbani. Kaa hapo usubiri. Isipozima, lipa, na uondoke na kile kifaa cha zamani mkononi.