Ugali hauna kosa, muacheni!

Najua nimepotea, si mnajua tena mambo ya testi. Leo nimerudi na hasira, mtanivumilia.

Wiki iliyopita rumeti wangu alidondoka bafuni. Boom lilipotoka tu alinunua kopo la unga wa kupunguza mwili kwa dada mmoja anayeuza humu humu hosteli. Siku nne mfululizo akawa anakunywa huo unga na maji ya ndimu, basi. Tukamkimbiza zahanati, akatundikiwa dripu. Jioni yule dada akaja kutoa pole, na mnajua alisema nini? Eti mwili "unatoa sumu", avumilie, ila asirudie kugusa ugali.

Hapo ndo nikachoka kabisa.

Jamani, mie ni mtoto wa Mikumi, na bibi yangu yuko Kilosa mjini. Bibi amekula ugali maisha yake yote na sijawahi kumuona na kitambi. Iweje leo ugali ndo awe mshitakiwa namba moja, halafu mafuta na sukari wakae pembeni kama mashahidi?

Tupige hesabu, tusitishane. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Sasa mwenzangu anayekaanga mchicha kwa vijiko vinne vya mafuta "ili unoge", ameshaongeza kalori 480 kwenye sufuria, ambazo ni sawa na zaidi ya gramu 130 za unga. Halafu anapunguza tonge, mafuta hayagusi, na mwisho wa mwezi anashangaa mzani haushuki!

Chipsi mayai sitaki hata kuianza. Viazi vimeogelea kwenye mafuta mara moja, vinarudishwa kwenye kikaango, yanamiminwa mayai na mafuta mengine juu. Nendeni pale Mikumi barabarani malori yanapopaki, muone ni sahani ngapi za chipsi zinatoka jioni moja, na kila sahani na soda yake. Ugali wa watu unasingiziwa tu.

Tuje kwenye sukari. Ukishika njia ya Mikumi kwenda Kidatu unapita kwenye miwa mpaka unachoka kuiangalia. Labda ndo maana kwetu chai isiyo na vijiko vitatu mgeni anaona amedharauliwa. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko tisa, ni kama gramu 36. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikiwezekana ishuke mpaka 25. Chai peke yake imeshavuka hiyo 25, na soda bado hujafungua.

Kuna wengine watasema, "Basi tule dona, dona inapunguza mwili." Nao wakae chini kidogo. Kwa kalori dona na sembe hazipishani sana. Faida ya dona ni kwamba pumba na kiini vimebaki, kwa hiyo unapata nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na unashiba mapema. Ukila mlima wa dona utanenepa kama mwenzako wa sembe. Halafu mahindi yenyewe yawe yamekaushwa vizuri. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sio jambo la mzaha.

Sasa mtaniuliza, wewe unapika nini? Napika vya sokoni Kilosa, hata hapa chuo vinapatikana. Asubuhi viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya kijiko kimoja. Mchana ugali wa ukubwa wa ngumi yangu, mbaazi au kunde, na mboga za majani zinazojaza nusu ya sahani: matembele, mchicha, mlenda, chochote kilichopo. Kitunguu na nyanya naviivisha kwa maji kidogo, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria nzima ya watu wawili. Nazi na karanga naweka kwa kipimo, manake nazo zina mafuta, tusidanganyane. Usiku choroko, au dagaa na mboga. Kituo cha utafiti pale Ilonga, jirani na Kilosa mjini, kinahangaika na mbegu za mikunde, halafu sisi wasomi tunaziita chakula cha shida na kukimbilia kopo lenye picha ya mzungu!

Ila hata nyumbani kuna vita. Likizo iliyopita nafika tu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We mwanangu, unaumwa? Mbona umekwisha hivyo?"

Simlaumu. Kizazi chake kilizika watu wengi miaka ya UKIMWI, na kukonda ilikuwa ndo habari mbaya yenyewe. Lakini mama huyo huyo ana presha, magoti yanamuuma, na daktari ameshamwambia apunguze uzito. Hayuko peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Na ule wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi moja, pengine hata sufuria moja: mama anazidi, mtoto anapungukiwa. Hakuna kopo la hosteli litakalotibu hilo. Litatibiwa na maharage na mboga kwenye sahani ya mtoto, na kijiko cha mafuta kinachopimwa kwenye sufuria ya mama.

Siku zile za likizo nilimpikia mbaazi zangu. Siku ya kwanza alisema hazina ladha. Siku ya nne akaniuliza, "Zile mbaazi zimebaki?" Nikanyamaza, nikampakulia.

Rumeti ameshapata nafuu, jana tumepika matembele pamoja. Kopo lake lipo juu ya kabati, limebaki nusu. Anayelitaka asije kwangu.

Naomba kuwakilisha. Nawahi kipindi cha saa nane.